Unanikumbuka?

Ibada ya Jumapili ikiisha hapa Eldoret, sisi sote husimama nje ya kanisa tukisalimiana. Je, yuko mtu aliyewahi kukupita kimya, ingawa juzi tu mlikula pamoja? Yamkini ulisema moyoni, "Huyu ana majivuno." Sisi tulisema hivyo juu ya ndugu mmoja. Akaanza kutoka kanisani kabla ya wimbo wa mwisho, kwa kuogopa salamu. Kumbe tulimkosea.

Wako watu ambao macho yao ni mazima, lakini hawatambui nyuso. Huona macho, pua na mdomo, ila hawajui ni za nani. Mwaka 1947 daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, aliipa shida hii jina la prosopagnosia, baada ya kuwachunguza askari waliojeruhiwa kichwani vitani. Wengine huipata kwa ajali au kiharusi kinachodhuru sehemu ya ubongo inayotambua nyuso. Wengine huzaliwa nayo. Si upofu, si wazimu, wala si dharau. Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe kule Gombe, Tanzania, mwaka 1960, na kufariki mwaka 2025, alikuwa nayo, wala hakuficha.

Mtu wa namna hii humjua mwenzake kwa sauti, mwendo au mavazi. Basi siku akina mama wote wavaapo sare na vitambaa vya kichwa vilivyo sawa, yeye hupotea katikati ya rafiki zake. Hata mzazi aweza kusimama langoni mwa shule, akingoja mtoto wake mwenyewe amwite kwanza.

Tufanye nini? Tuache kuuliza, "Unanikumbuka?" Kwetu ni mzaha, kwake ni mtihani mbele ya watu. Tutaje jina letu na mahali tunapojuana: kwaya, sokoni au shambani. Nawe mwenye shida hii, usijifiche; waambie wenzako.

Mkumbukeni Mariamu Magdalene kaburini. Alimwona Bwana, akadhani ni mtunza bustani. Bwana hakumkemea, alimwita kwa jina, naye mara akamjua. Ikiwa Bwana alitangulia kuita, sisi tu nani hata tungoje kusalimiwa?

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe hukumu zetu za haraka, utufundishe kutangulia kwa salamu. Amina.