Ndoto Ndogo Ndizo Huvuka Mto

Wasee wa Garsen, Minjila, Tarasaa, Ngao mpaka kule Kipini, Mto Tana unapoingia baharini. Hii stori ni yenu. Pia ni ya yut yeyote anaishi pahali kesho inaweza kuja na vumbi ama ikuje na maji.

Cheki vile hii miaka imetubeba. Kutoka mwisho wa 2020 mvua iligoma misimu mitano mfululizo. Ng'ombe zikaangukia njiani zikisaka maji, na mayut wa wafugaji wakajipata tao wakitafuta mboka na hawajui mtu. Halafu Novemba 2023 El Niño ikafika. Mto ukaacha njia yake, mashamba yakazama, barabara ya Garissa ikakatika, ya Lamu nayo ikamezwa na maji pande za Gamba. Kabla watu wamalize kuanika magodoro, masika ya 2024 ikawarudisha kambini. Kiangazi na mafuriko, ndani ya miaka nne, juu ya watu walewale.

Ndio maana mayut kibao huku wameacha kupanga. Unaskia msee akisema, "Nipange nini na mto utabeba?" Namwelewa kabisa, juu hasemi hivyo kwa uvivu, anasema kwa uchovu. Lakini maze, kuna kitu nataka tuelewane. Kukosa uhakika wa kesho hakukunyimi nia ya leo. Kunakuambia tu lengo lako liwe dogo, liwe pole, na liwe la kubebeka. Maji yakifika mlangoni saa nane usiku, uhame nalo.

Kijue chako, kijue cha mto

Tana inatembea kama kilomita 1,000. Inaanza Aberdare na Mlima Kenya, inapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndio itufikie sisi. Hiyo ndio sababu Garsen inaweza kuwa na jua la kuchoma, hakuna hata wingu, na bado mto unapanda. Ni mvua ya Murang'a na Nyeri imefika, imechelewa siku kadhaa tu.

Sasa, hakuna yut wa Garsen anaweza zuia mvua ya Murang'a. Hiyo si yako, usiibebe kichwani. Yako ni kuskiza. Masinga ikijaa ikaanza kumwaga, tangazo hutoka kwa watu wa huku chini, kwa redio na kwa simu. Yako ni kujua mwinuko wenu wa kukimbilia ni upi, na nani mzee ama mtoto wa jirani atahitaji mkono. Ukishatenganisha hivyo, kichwa kinapata nafasi ya kupanga.

Na wazee wetu walikuwa na hii rada kitambo. Wapokomo wamelima na mafuriko vizazi na vizazi: maji yakirudi mtoni yanaacha tope lenye rutuba, hapo ndio mpunga na mahindi yanaingia. Waorma na Wawardei nao mvua ikinyesha wanapeleka mifugo mbali bara, kiangazi kikikaza wanashuka mtoni kupitia malka, zile njia za mifugo kufikia maji. Hakuna hata mmoja wao aliishi na mpango mmoja. Kulikuwa na wa maji, kulikuwa na wa ukame, na kuhama kutoka mmoja hadi mwingine hakukuitwa kushindwa.

Liandike mara mbili

Hapo ndio natoa ushauri wangu mkuu: kila lengo liandike mara mbili. La mwezi mpoa, na la mwezi mbaya.

Wewe ni rider wa nduthi hapo steji ya Minjila. Mwezi mpoa, unaweka soo kila siku. Mwezi barabara imekatika, unaweka finje, ama lengo linakuwa moja tu: usiingie kwa deni la simu. Ukifika hapo, umetimiza. Wewe ni dem unarudia masomo ama unafanya kozi. Mwezi mpoa ni kurasa kumi kwa siku. Ukiwa kambini, hema moja watu wanane, ni ukurasa mmoja, na huo ukurasa unahesabika. Unauza maembe? Msimu ukiwa moto na mabroka wakileta bei ya kuumiza, lengo linaweza kuwa kuungana na wenzako wawili mkodi gari moja mpaka Malindi. Msimu ukiharibika, lengo ni kulinda miche michache ya mwaka unaofuata.

Lengo la mwezi mbaya ndio linakufundisha usijichukie. Linakuambia bado unatembea.

Beba vitu haviloi

Kuna vitu vinazama na kuna vitu havizami. Panga ukivipa nguvu hivi vya pili.

Kwanza makaratasi. Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha KCSE: piga picha leo, jitumie kwa imeili, halafu zile zenyewe ziweke kwa plastiki nzito pahali unaweza nyakua gizani. Kusaka cheti kingine kunakula pesa na kunakula muda, na nafasi ya kazi haikungojei.

Pili chapaa. M-Pesa iko Kenya tangu 2007, na bado kuna mtu anaweka akiba chini ya godoro. Weka kwa simu, weka kwa chama cha watu unaaminia, ama geuza mbuzi mmoja kuwa pesa mapema kabla kiangazi kimkondeshe.

Tatu ujuzi. Kunyoa, kushona, kuchomelea vyuma, kurekebisha simu, kusuka, kuendesha mtumbwi kwa usalama. Hivi mto haubebi. Kinyozi akifika kambini na mashine yake, siku ya pili ana wateja. Kama mwaka huu utachagua lengo moja tu, chagua kujifunza kitu mikono yako itahama nacho.

Upole una nguvu yake

Najua vile simu inaumiza. Unaifungua unapata msee wa rika lako Nairobi ameomoka, keja mpya, luku safi, na wewe unangoja maji yapungue ndio uone kama choo bado kimesimama. Hapo ndio mtu anaanza kuona malengo yake madogo ni ya aibu.

Sikia hii. Wimbo wa taifa la Kenya, ule nchi nzima inasimama wima kuuimba, sauti yake ilitoka hapa. Ni wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto, na Mzee Meza Moroa Galana ndiye anatambuliwa kwa kuutoa. Kitu cha mama na mtoto, cha sauti ya chini, ndicho kilichaguliwa 1963 kubeba taifa. Kwa hivyo usiniambie kitu pole hakifiki mbali.

Lengo la mwisho ni mtu

Hili nalisema kwa uzito. 2012 watu zaidi ya 100 waliuawa hapa Delta ya Tana. Ugomvi wa wakulima na wafugaji ulishikia kwa ardhi, maji na malisho, siasa ikaongeza moto. Vijiji kama Riketa na Kilelengwani vilizika watoto. Wengi wetu tulikua na hiyo kimya nyumbani.

Kiangazi kikirudi, mkulima na mfugaji watakutana tena kwa malka ileile. Kwa hivyo weka lengo hili pia: rafiki mmoja wa upande mwingine, wa kweli, ambaye namba yake iko kwa simu yako na jina la mathe yake unalijua. Mwambie mto ukipanda. Akuambie mifugo inashukia wapi, mkubaliane njia kabla shamba likanyagwe. Cheza naye boli. Jifunze kumsalimu kwa lugha yake. Uvumi ukianza kuzunguka mtaani, wewe na yeye ndio mtakuwa wa kwanza kupigiana na kuuliza ukweli, na hiyo simu moja inaweza okoa watu.

Basi leo jioni chukua karatasi. Andika lengo moja mara mbili, la mwezi mpoa na la mwezi mbaya. Piga picha za makaratasi yako. Pigia mtu mmoja hujampigia kitambo. Vuli ikifika, iwe imekuja na maji ama imegoma, utakuwa unajua unabeba nini, unaita nani, na unaanzia wapi tena.