Uvimbe Kiunoni: Si Kila Mara Ni Mafuta

Pita alfajiri katika vichochoro vya Silanga, mtaani Kibera, uone migongo ikifanya kazi. Huyu amebeba mtungi wa maji wa lita 20, yule anasukuma mkokoteni, mwingine anawahi mjengoni. Jioni, wengi hulalamikia kiuno. Mara nyingi hiyo huwa ni misuli iliyochoka tu. Lakini je, msomaji, umewahi kuona uvimbe laini kando ya uti wa mgongo, unaotokeza ukikohoa na kupotea ukilala?

Huenda ni ngiri ya kiuno. Wengi wetu twaijua ngiri ya kinena au ya kitovu. Hii ya mgongoni ni nadra, haifiki asilimia 2 ya ngiri zote za ukuta wa tumbo. Kwa sababu hiyo, ni rahisi kudhaniwa kuwa uvimbe wa mafuta au jipu.

Nyufa mbili

Ukuta wa nyuma wa tumbo umejengwa kwa tabaka za misuli kati ya ubavu wa 12 na mfupa wa nyonga. Kila upande una sehemu mbili zenye umbo la pembetatu ambapo tabaka hizo ni chache. Ya juu iko chini ya ubavu wa mwisho. Ilielezwa na Grynfeltt mwaka wa 1866, kisha Lesshaft mwaka wa 1870. Ya chini iko juu tu ya mfupa wa nyonga, na ina jina la mpasuaji Mfaransa, Jean-Louis Petit. Ngiri hutokea zaidi katika ile ya juu.

Wachache huzaliwa nayo. Wengine huipata baada ya ajali, jipu la ndani, au upasuaji wa figo. Uzee, unene, kukonda kupita kiasi na kikohozi kisichokoma huongeza hatari, na mizigo mizito husukuma zaidi palipo dhaifu.

Hatari yake

Kinachotokeza ni mafuta ya ndani au utumbo wenyewe. Utumbo ukibanwa, damu haifiki na sehemu hiyo huoza. Uvimbe ukiwa mgumu, ukiuma na kukataa kurudi, nawe ukitapika au kukosa choo, kimbia hospitalini saa hiyo hiyo.

Usikubali kukandwa, kuchanjwa wala kutobolewa hapo. Anza na zahanati iliyo karibu. Ikibidi utatumwa Hospitali ya Mbagathi au Hospitali Kuu ya Kenyatta, zote si mbali na Kibera. Picha ya skani huonyesha ufa ulipo. Tiba ni upasuaji: daktari hurudisha kilichotoka, kisha huziba kwa nyuzi au wavu maalumu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ukuta huu, ndugu msomaji, ni wa mwili wako.