Uendapo chuo kikuu, mwambie daktari utokako

Kijana wa Kainuk aliyepata nafasi ya chuo kikuu kule Eldoret huhangaikia karo, godoro na sweta. Ni vyema, kwani mji huo uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari na baridi yake si mchezo kwa aliyezoea joto la Turkana. Lakini kuna jambo moja lisilokuwamo katika orodha ya mahitaji.

Turkana na Pokot Magharibi ni miongoni mwa sehemu za Kenya zenye ugonjwa wa kala-azar. Huenezwa na usubi, kidudu kidogo kuliko mbu, ambaye hujificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta. Dalili kwa kawaida hutokea miezi 2 hadi 6 baada ya kuumwa. Kwa hiyo mtu huweza kuumwa nyumbani akaja kuugulia bwenini.

Dalili zenyewe ni homa ya majuma 2 au zaidi, kukonda, kupungukiwa damu na kuvimba kwa wengu, upande wa kushoto wa tumbo. Wengi hudhani ni malaria, wakameza dawa za dukani. Kala-azar isipotibiwa, huua karibu kila inayempata.

Ukipatwa na homa kama hiyo, nenda zahanati ya chuo useme: "Daktari, mimi natoka Kainuk." Huenda yeye hajapata kuuona ugonjwa huu. Kipimo cha damu kipo, na tiba ya kawaida ni sindano za kila siku kwa siku 17. Masomo yatakungoja.