Vunja kanuni zote, lakini nambari za kurasa ziache

Umeona msanii unayempenda kwenye jalada la jarida. Unalifungua haraka, unaenda kwenye ukurasa wa yaliyomo kumsaka. Macho yanazunguka picha, rangi na herufi za kila aina, lakini jina lake hulioni. Utafanya nini? Wengi wetu tutalirudisha tulipolitoa.

Basi wewe unayepanga kurasa za jarida la muziki la chuo chenu, au la PDF la kusambaza kwenye WhatsApp, usiuone ukurasa huo kama orodha ya kujazia nafasi. Msomaji anaingilia hapo.

Si ati ukurasa huo lazima uboe. Mwulize Neville Brody. Mwaka wa 1980, Nick Logan, aliyewahi kuwa mhariri wa NME, alianzisha The Face jijini London, jarida la muziki, mavazi na maisha ya vijana. Brody ndiye aliyekuja kulipa sura iliyolifanya litambulike.

Katikati ya miaka ya 1980 Brody alianza mchezo ambao wasanifu wanauzungumzia hadi leo. Juu ya ukurasa wa yaliyomo kulikuwa na neno 'Contents'. Toleo baada ya toleo, alilibomoa polepole. Herufi zikapoteza vipande hadi zikabaki kama michoro tu.

Na bado msomaji hakupotea. Alishaujua ukurasa ule na kazi yake, kwa hivyo hakuhitaji kusomewa jina lake kila mara. Orodha yenyewe ya makala ilibaki ya kusomeka. Mwaka wa 1988, kazi za Brody zilionyeshwa katika makavazi ya Victoria and Albert, London.

Marekani, David Carson wa jarida la Ray Gun alivuka mpaka kabisa. Mwaka wa 1994 aliona mahojiano na mwimbaji Bryan Ferry yanachosha, akayapanga kwa Zapf Dingbats, fonti ya alama tupu. Lakini hata humo, maneno ya kusomeka yaliwekwa mwishoni mwa jarida. Mtundu huyo pia alimwachia msomaji njia.

NME nalo lilienda upande mwingine. Katika matoleo yake ya miaka ya 2000, ukurasa wa yaliyomo ulikuwa na safu nyembamba ya majina ya bendi, kila jina na nambari ya ukurasa wake. Walijua shabiki hatafuti kichwa kitamu cha makala. Anamtafuta msanii wake.

Sasa fungua kompyuta yako tufanye kazi. Jina la msanii liwe kubwa kuliko maelezo ya makala. Picha moja itawale ukurasa, na nambari iandikwe juu yake. Aliye kwenye jalada aonekane kwa mtazamo mmoja. Tenganisha makala makuu na vipengele vya kila toleo, kama albamu mpya na ratiba ya shoo. Fonti mbili zinatosha.

Nambari zijaze mwisho kabisa. Tangazo likiingia dakika za lala salama, kila kitu kinasukumwa mbele, na jarida la kubanwa pini huongezwa kurasa nne nne. Kabla ya kuchapisha, keti na mwenzako: yeye asome orodha, wewe ufungue kila ukurasa uhakikishe. Kama ni PDF, unganisha kila jina na ukurasa wake ili mtu akibonyeza afike, maana kwenye simu hakuna anayetaka kuteremsha kurasa 40.

Mfikirie yule rapa wa mtaani kwenu ambaye hii ndiyo mara yake ya kwanza kuandikwa popote. Ameshawaambia mamake na marafiki zake wote. Yuko ukurasa wa 14, lakini yaliyomo yanasema 12. Wakifungua wanakutana na tangazo la viatu. Kosa hilo dogo kwako, kwake si dogo.

Ukimaliza, mpe mtu ambaye hajaliona jarida hilo. Mwambie amtafute msanii mmoja, kisha unyamaze. Akimpata bila kukuuliza, hapo sasa rudi kwenye kichwa cha ukurasa ukibomoe utakavyo.