Pindua Sahani ya Bibi Kabla Hujaiuza

Huenda nyumbani kwenu ipo sahani moja ambayo hailiwi. Imewekwa juu ya kabati, au imefungwa kwa kanga ndani ya sanduku la mama, na watoto wamekatazwa kuigusa. Siku ya Idi au ya harusi hutolewa, hupanguswa, kisha hurudishwa mahali pake. Ukiuliza ilikotoka utajibiwa kwamba ni ya bibi, naye bibi aliirithi kwa bibi yake. Halafu siku moja hutokea mtu mtaani, mwenye kikapu na maneno matamu, anayenunua vyombo vya zamani, na sahani ile huondoka kwa fedha isiyotosha mchele wa juma moja.

Hayo yalitukuta katika ukoo wetu. Shangazi yetu wa Magomeni aliuza kombe lake la rangi ya buluu na nyeupe, lile lililokuwa likitumika kuandalia pilau ya arusi. Mnunuzi hakumdanganya hata kidogo. Aliuliza bei tu, naye shangazi hakuwa na la kumjibu, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulipindua kombe lile akatazama chini.

Basi wewe anzia hapo: pindua. Lakini kabla hujasoma maandishi ya chini, jua kwanza ni chombo cha namna gani. Watu wa pwani tumezoea kuviita vyote kauri, ilhali viko vya aina mbili. Kauri halisi hutengenezwa kwa udongo mweupe uitwao kaolini, ukachomwa kwa moto wa nyuzi kama 1,300 za Selsiasi hadi ukawa kama kioo. Iinue mbele ya dirisha: ikiwa nyembamba, utaona kivuli cha vidole vyako upande wa pili. Ipige kwa ukucha, nayo italia kama kengele. Aina ya pili ni udongo wa kawaida uliopakwa utando wa kioo juu. Huo haupitishi mwanga, sauti yake ni nzito, na palipobanduka pananyonya maji na kuwa na rangi ya chai.

Kauri halisi asili yake ni Uchina, na mji uliosifika kwa kazi hiyo ni Jingdezhen. Watu wa Ulaya walihangaika muda mrefu kuitafuta siri yake, na kiwanda chao cha kwanza kilichoiweza kilifunguliwa Meissen, Ujerumani, mwaka 1710. Wakati huo wazee wetu wa pwani walikuwa wamekwisha kulia kauri kwa karne kadhaa. Vigae vya bakuli za kijani za Longquan vimechimbuliwa Kilwa na Gedi, pamoja na vile vya buluu na nyeupe. Katika nyumba za mawe za Lamu, zidaka zilizopangwa ukutani zilipambwa kwa sahani na bakuli za namna hiyo. Na hapa karibu, Kunduchi, mafundi walizijenga bakuli nzima ndani ya nguzo za makaburi.

Chini ya chombo cha Kichina huweza kuwapo herufi nne au sita zinazotaja enzi ya mfalme. Usishangilie upesi. Mafundi wa Uchina walikuwa na desturi ya kuandika jina la mfalme aliyekufa zamani kwa kuwaheshimu mafundi waliotangulia, na wengine waliandika kwa ajili ya biashara tu. Herufi hizo peke yake si ushahidi.

Nikuambie ukweli ambao huenda usikupendeze: sahani nyingi ambazo familia za pwani huamini zilitoka Uchina zilitoka Uholanzi. Katika mji wa Maastricht, Petrus Regout alianza kutengeneza vyombo vya udongo mwaka 1836, na jirani yake mkubwa alikuwa kiwanda cha Société Céramique. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vyombo vyao vilishushwa kwa wingi katika bandari zetu. Maua yake mengi, mekundu, ya kijani na ya buluu, yaligongwa kwa sifongo iliyochongwa mfano wa muhuri. Ukichunguza utaona ua lile lile likirudiwa kuzunguka ukingo, mahali pengine limepinda kidogo kwa haraka ya fundi. Chini tafuta picha ya sfinksi, yule mnyama wa Misri mwenye mwili wa simba na kichwa cha mtu. Ndiyo alama ya Regout, na mwaka 1899 kiwanda kikachukua jina hilo hilo, De Sphinx.

Vyombo vya Uingereza navyo vina dalili zake. Alama yenye umbo la almasi na herufi Rd katikati ni ya kati ya mwaka 1842 na 1883. Neno England peke yake kwa kawaida humaanisha baada ya mwaka 1891, Marekani ilipoanza kudai kila bidhaa iingiayo kwake itaje nchi yake. Na maneno Made in England kwa kawaida ni ya karne ya 20.

Je, sahani ya Maastricht haina maana? Sivyo hata kidogo. Mimi ningeichagua hiyo, yenye habari zake, kuliko bakuli la Kichina lenye mabaki ya chokaa kwenye kitako. Ukiletewa bakuli la namna hiyo uulize limebanduliwa wapi, maana katika nguzo nyingi za makaburi ya pwani yamebaki mashimo matupu ya mviringo. Tena Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na haviruhusiwi kutolewa nje ya Tanzania bila kibali.

Kuhusu utunzaji, usiloweke sahani yenye nyufa katika jiki, kwani dawa hiyo hupenya chini ya utando na kuubandua. Wala usitilie ndani yake achari au ndimu: utando wa vyombo vya udongo vya zamani mara nyingi una madini ya risasi, na ukali wa ndimu huyatoa yakaingia chakulani. Waliozoea kuandikia kombe la zafarani katika sahani ya bibi, kisha mgonjwa akanywa, afadhali watumie sahani mpya nyeupe.

Na chukua karatasi uandike: nani alipewa, na nani, katika harusi ipi. Iweke ndani ya sanduku pamoja na sahani. Usibandike kitu juu ya sahani yenyewe.

Shangazi alibakiwa na sahani mbili ndogo. Tulizipindua sote, Jumapili moja baada ya chakula. Moja ina sfinksi, imefifia lakini inaonekana. Ya pili haina alama yoyote, hulia kama kengele, na mpaka leo tunabishana.