Chungu cha Watwa na Bei ya Haki Musaga

Mkataba wa UNESCO wa kulinda uanuwai wa kiutamaduni, uliopitishwa Paris mnamo Oktoba 2005, unatambua kwamba bidhaa za kitamaduni hubeba utambulisho wa watu, na kwa hiyo hazipaswi kupimwa kwa thamani ya kibiashara peke yake. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini fundi wa mikono huishi kwa kuuza, na kazi isiyomlisha hairithiwi na watoto wake. Hapo ndipo inapoingia biashara ya haki, yaani utaratibu wa ununuzi ambamo bei hukubaliwa pamoja na mtengenezaji, hukidhi gharama na maisha yake, na sehemu ya malipo hutangulizwa kabla ya kazi kuanza.

Nchini Burundi, sanaa mbili za mikono zimepata bahati tofauti kabisa. Ngoma ya kifalme, inayochongwa katika gogo la umuvugangoma (Cordia africana) na kuwambwa ngozi ya ng'ombe kwa vigingi vya mti, ilipata heshima mwaka 2014 uchezaji wake wa kimila ulipoingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika, na tangu mwaka 2017 maonyesho yake yanasimamiwa kwa amri ya rais. Chungu cha Watwa hakina heshima ya namna hiyo, ingawa kwa vizazi vingi ndicho kilichopika maharage ya nchi nzima na kuhifadhi maji na pombe yake. Watwa, wafinyanzi wa jadi wa nchi hiyo, ni kundi dogo lililonyimwa ardhi kwa muda mrefu, na ubugererwa, mfumo wa utwana uliowafunga baadhi yao kwa wenye mashamba, ulifutwa kisheria mwaka 1977 tu. Kudharauliwa kwa chungu hakuwezi kutenganishwa na kudharauliwa kwa mfinyanzi.

Ufinyanzi huo hautumii gurudumu. Udongo wa bondeni hupondwa na kuondolewa changarawe, kisha huviringishwa kuwa kamba nene zinazopandishwa moja juu ya nyingine, zikashikamanishwa kwa vidole na kulainishwa. Chungu huanikwa hadi kikauke vizuri, halafu huchomwa mahali pa wazi kwa nyasi na kuni. Kwa kuwa moto huo haufikii joto la tanuru la kiwandani, chungu hubaki na vinyweleo, yaani matundu madogo mno yasiyoonekana kwa macho, ambavyo hukiwezesha kuvumilia kupashwa moto ghafla bila kupasuka, lakini pia hukifanya kivunjike upesi kikigongwa safarini.

Sifa hiyo ya mwisho hubadilisha hoja yote. Shirika la Biashara ya Haki Duniani, lililoanzishwa mwaka 1989, huwataka wanunuzi wa kazi za mikono watangulize, wakiombwa, angalau asilimia 50 ya malipo bila riba, na kanuni hiyo imekwenda vyema na bidhaa nyepesi kama vikapu. Chungu kizito kinachovunjika upesi, kutoka katika nchi isiyo na bahari, hakiwezi kutegemea wateja wa Ulaya, hivyo haki yake haina budi kuanzia sokoni nyumbani.

Musaga, kusini mwa Bujumbura, kando ya barabara inayopanda kuelekea Ijenda, ni mtaa wa kaya nyingi zinazopikia mkaa, nazo huhitaji vyungu na pia imbabura, yaani majiko ya mkaa, ambayo nayo yanaweza kufinyangwa kwa udongo. Kama wachuuzi wa mtaa wa aina hiyo wangeagiza kupitia vyama vya ushirika vya wafinyanzi na kulipa nusu mapema, mfinyanzi asingelazimika kuuza kwa bei ya kutupa ili ale jioni ileile, na sufuria ya alumini isingeshinda kwa sababu tu muuzaji wake ana mtaji.

Hata hivyo bei nzuri haitoshi pale udongo wenyewe unapokosekana. Mabonde yaliyokuwa yakichimbwa udongo yanazidi kulimwa mpunga na mboga, na mfinyanzi asiye na hati ya ardhi hufukuzwa au hulipishwa ili achimbe. Gharama hiyo inapaswa kuhesabiwa waziwazi ndani ya bei ya chungu, huku wenye mamlaka juu ya mabonde wakitenga sehemu za kuchimbia na kuziandikisha kwa jina la vyama vya wafinyanzi.