Miwani ya Kinga Isiyoshika Ukungu: Ipi Inamfaa Mkulima wa Mpunga wa Mwamkulu?

Mavuno ya mpunga yanapofika katika kata ya Mwamkulu, Manispaa ya Mpanda, jicho ndilo kiungo kinachokaa wazi kuliko vyote. Miguu ina buti, kichwa kina kofia, lakini jicho linasimama uchi mbele ya mashuke yanayopigwa kwa fimbo juu ya turubai na mbele ya mashine ya kupura inayorusha makapi kila upande. Wapo walionunua miwani ya kinga. Hata hivyo, kazi ikishakolea, mara nyingi utaikuta miwani hiyo imepandishwa kwenye paji la uso, kwa sababu inashika ukungu na mvaaji haoni anachofanya.

Miwani iliyo kwenye paji la uso haikingi kitu. Ndiyo maana suala la ukungu si la starehe tu. Ni sehemu ya kinga yenyewe, na linapaswa kuulizwa dukani kabla ya rangi, umbo na hata bei.

Tuanze na hatari. Shuke la mpunga lina ncha kali, na ganda lake lina silika, ambayo ndiyo kiini cha mchanga na kioo. Likikwaruza konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, linaacha mchubuko mdogo ambao mtu huudharau. Kumbe mimea hubeba vimelea vya fangasi, hasa Fusarium na Aspergillus, navyo vikiingia kwenye mchubuko huo huweza kuzaa kidonda kinacholitafuna jicho kwa siku na wiki. Kidonda cha fangasi ni kigumu kutibu. Natamaisini, dawa ya matone inayotumika dhidi yake, iliingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017 tu. Kinga hapa ni rahisi kuliko tiba kwa mbali sana.

Ukungu unatoka wapi? Pumzi na jasho vina mvuke mwingi. Mvuke huo ukikutana na lenzi iliyo baridi kuliko hewa ya usoni, hugeuka matone madogo, kama inavyotoka jasho chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Kila tone hutawanya mwanga, na ukiyakusanya yote unapata pazia jeupe. Kwa Mwamkulu, saa mbaya zaidi ni asubuhi za Juni na Julai: hewa ni ya ubaridi, lenzi imepoa, nawe umeshaanza kutoka jasho kwa kazi nzito. Ukijifunga kitambaa puani kwa ajili ya vumbi, tatizo linaongezeka, maana pumzi hukosa njia ya mbele na kupanda juu moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Mwendesha bodaboda analijua jambo hili kwa namna yake: akiwa kwenye mwendo upepo humfutia lenzi, akisimama ukungu unarudi.

Waliolisumbukia tatizo hili kwa muda mrefu ni wachezaji wa mchezo wa kulengana kwa bunduki za plastiki, ulioanzia Japani miaka ya 1970. Risasi yake ni kipira cha plastiki cha milimita 6 ambacho huweza kuruka kwa kasi ya karibu mita 100 kwa sekunde, hivyo kuinua miwani kidogo tu ili kufuta ukungu kunatosha kumpotezea mtu jicho. Wao hawaulizi tu kama miwani ni imara. Wanauliza pia kama mtu ataweza kubaki nayo usoni hadi mwisho wa mchezo. Swali hilo linamfaa mpuraji wa mpunga vilevile.

Kuna njia tatu za kuzuia ukungu. Ya kwanza ni matundu ya hewa. Matundu ya wazi hupitisha hewa vizuri, lakini hupitisha pia vumbi na dawa. Matundu ya kona, ambayo hewa huingia kwa kuzunguka kifuniko kidogo, hupunguza ukungu bila kuruhusu tone au kapi kuingia moja kwa moja. Ya pili ni lenzi iliyopakwa dawa inayoyafanya maji yatandae kuwa utando mwembamba badala ya kukusanyika kuwa matone. Maji yanakuwepo, ila unaona. Ya tatu ni lenzi mbili zilizoachiwa hewa katikati: ile ya ndani haipoi upesi, kwa hiyo mvuke haupati mahali baridi pa kugandia. Hii ya mwisho hufanya kazi vizuri, lakini ni nzito na ghali zaidi.

Sasa tazama maandishi madogo kwenye kona ya lenzi. Miwani iliyotengenezwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 166 hubeba herufi zenye maana. F ina maana kwamba lenzi ilistahimili kipira cha chuma cha milimita 6 kilichorushwa kwa mita 45 kwa sekunde; B ni kwa mita 120. K ni ustahimilivu wa mikwaruzo ya chembe ndogo. N ndiyo ya ukungu, na kipimo chake ni kwamba lenzi ibaki safi kwa angalau sekunde 8 mbele ya mvuke wa maji ya moto. Kwenye fremu, 3 ni kinga ya matone ya maji na dawa, 4 ni vumbi la chembe kubwa, 5 ni gesi na vumbi laini sana. Kwa bidhaa za kiwango cha Marekani, tafuta Z87+ kwa mapigo. Toleo la mwaka 2020 liliongeza X kwa ukungu. Lenzi isiyo na alama yoyote ni plastiki tu, hata kama muuzaji anaisifia.

Kwa kupura na kupepeta mpunga, chukua miwani inayoziba pande zote, yenye matundu ya kona, fremu yenye 4, lenzi yenye K na N. Kwa kupiga dawa shambani, fremu lazima iwe na 3, na matundu ya wazi hayafai kabisa. Kwa kufyeka au kubeba mizigo kwenye vichaka, miwani nyepesi yenye mbavu za pembeni na herufi F inatosha, na kwa kuwa haizibi uso, haishiki ukungu sana. Fundi wa kuchomelea asijidanganye na yoyote kati ya hizi, kwani moto wa umeme unahitaji kioo cheusi maalumu cha kuchomelea. Na weusi wa lenzi peke yake si ushahidi kwamba inazuia mionzi ya jua.

Kabla ya kulipa, omba kuijaribu. Ivae pamoja na kofia au mtandio wako, na kitambaa chako cha puani. Inama, tikisa kichwa, pumua kwa nguvu mara kadhaa. Kama unavaa miwani ya kusomea, ijaribu juu yake, ukikumbuka kwamba lenzi za miwani yako nazo zinaweza kushika ukungu.

Miwani nzuri huharibiwa zaidi na usafi mbaya. Usifute lenzi yenye vumbi la mpunga kwa pindo la shati: ile silika ni msasa, nayo huondoa dawa ya ukungu na kuacha michirizi. Imwagie kwanza maji safi, isuuze kwa sabuni laini, iache ikauke kivulini. Petroli na thina huzipasua lenzi za polikaboneti. Dawa ya ukungu ikishakwisha, tone la sabuni ya maji lililopakwa ndani na kupanguswa taratibu husaidia kwa muda mfupi.

Jicho likiingiwa na kapi, lioshe kwa maji safi mengi bila kulisugua. Likiendelea kuuma, kuwa jekundu au kuona kiwingu siku inayofuata, nenda kituo cha afya. Usiweke maziwa ya mama wala majani, na usinunue matone yenye steroidi dukani, maana hayo hulisha fangasi badala ya kuiua.

Kwa wenye mashine za kupura wanaoajiri vibarua: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kinga. Nunueni vyenye alama ya N, kwa sababu ndivyo kibarua wenu atakavyokubali kubaki navyo usoni hadi gunia la mwisho.